Bolti Iliyosikia

1

Gesi ingemaliza kazi kwa dakika kumi. Kila aliyepita gereji siku ile alimwambia Sekunda hivyo, hata wale ambao maisha yao yote hawajashika spana.

Gari la wagonjwa la zahanati lilikuwa juu ya mawe manne. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limetolewa, na mkono wa chini wa sospensheni ulining'inia kama bawa la kuku aliyegongwa. Ndani ya mkono huo, kwenye bomba la bushi ambamo bolti hupita, kilibaki kipande cha bolti chenye urefu wa kidole. Kichwa chake kilikatika Jumanne kwenye mteremko wa kuelekea mto Malagarasi. Gurudumu lililala, gari likaingia mtaroni, na mama mjamzito aliyekuwa ndani akavunjika mfupa wa bega. Mtoto alizaliwa palepale kwenye majani, mzima, akilia kwa hasira.

Kipande cha bolti kilikuwa kimeshikana na bomba lake kwa kutu. Huku Uvinza chumvi haikai kwenye sahani tu. Iko barabarani, iko hewani, iko kwenye shuka ulizoanika asubuhi. Magari yanayojiendesha yenyewe yaliletwa hapa mara mbili, na mara zote mbili macho yao yaliota ukungu mweupe ndani ya mwezi mmoja yakarudishwa yalikotoka. Ndiyo maana madereva walikuwa bado na kazi.

Isipokuwa Lameki Gwassa. Yeye alikuwa ameketi juu ya kreti la soda mlangoni, bado amevaa shati la kazi ingawa alikuwa amesimamishwa tangu Jumatano. Miaka kumi na tisa amebeba wagonjwa. Jumatatu angesimama mbele ya Baraza la Barabara, na kumbukumbu ya gari ilikuwa imeshamsemea: mwendo themanini, usukani ulikatwa ghafla kushoto, shimo lilikuwepo. Gari husema lilichokiona. Halikuona kama bolti ilikatika ndipo gurudumu likalala, au gurudumu lilipiga shimo ndipo bolti ikakatika.

Bolti yenyewe ilijua.

Tangu sheria ya mwaka sabini na moja, kila gari linalobeba watu hufungwa bolti sikizi. Karibu na mwisho wa meno yake, ndani ya chuma, kuna punje ndogo kuliko ya ulezi inayojilisha kwa mtikisiko. Punje hiyo hutunza mambo mawili. La kwanza ni dakika tatu za mwisho za kukazwa: nguvu ya mkono, mlio wa spana, na sauti za waliokuwa karibu, kwa kuwa chuma husikia kila kinachokigusa. La pili ni mizigo mizito iliyopita juu yake mpaka siku inakatika. Maji haiyaogopi, wala chumvi, wala nyundo. Moto tu. Ukiipasha mpaka mate yachemke juu yake, punje inaiva, na ikishaiva haisemi tena.

Simu ililia. Muuguzi mkuu wa zahanati.

"Mama Anyesi, gari linatoka lini?"

"Likipona."

"Usinifanyie hivyo. Nina watu watatu wa kupeleka Kigoma. Mmoja nimemfunga kanga kwenye pikipiki ya mzigo, unanielewa? Kanga! Hiyo gesi unayo au huna?"

"Ninayo."

"Sasa unangoja nini?"

Sekunda alimtazama Lameki, naye akajifanya anatazama nzi.

"Kesho saa sita," Sekunda alisema, akakata.

2

Alilala chali chini ya gari akiwa na taa ya kichwani na brashi ya waya. Tangu jana alikuwa ameilowesha bolti kwa mafuta ya breki, akaigonga, akailowesha tena. Haikusogea hata unywele. Alisugua upande wa pili, kwenye ncha ya meno palipokuwa na nati, na kutu ilipomwagika usoni aliona kitu ambacho hakukitarajia.

Nukta nyekundu.

Alibaki vilevile, brashi mkononi.

Nukta ile ilikuwa rangi ya kucha. Mzee Ruhomvya alikuwa akimwibia mkewe chupa moja kila Sikukuu, na kila bolti aliyoimaliza aliiwekea tone moja, ili akiiona tena barabarani ajue ni yake. Mkewe alilalamika mpaka akachoka, kisha akaanza kununua chupa mbili. Mzee alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Jina lake lilikuwa bado kwenye kibao cha gereji, na mjane wake aliishi nyuma ya ukuta uleule. Kila asubuhi na kila alasiri alipiga bati mara mbili kumjulisha Sekunda kwamba chai ipo.

Na gereji nzima ilikuwa bado yeye. Kwenye rafu ya juu lilikaa kopo lake la maziwa ya unga, lililojaa mawese mazito mekundu. Hakuna fundi wa Uvinza aliyefunga bolti bila kuipaka mawese kwenye meno. Wageni walicheka, wakaenda na bolti zao kavu, wakarudi mwaka uliofuata wakiwa wamezikata.

Sekunda aliingia gereji hii miaka kumi na moja iliyopita na watoto wawili, stashahada ya ufundi magari iliyokuwa na wino mbichi, na spana ya kipimo aliyoinunua kwa fedha ya mahari ya mdogo wake. Mzee aliisoma ile karatasi yote, mstari kwa mstari, akiwa ameishika kwa ncha za vidole asiichafue. Kisha akamrudishia.

"Haya, Diploma. Chukua ndoo, kuna gari la kuosha."

Diploma ndilo lilikuwa jina lake mpaka mzee anakufa. Alilitamka kwa dhihaka miezi sita ya kwanza, baada ya hapo akilitamka kama mtu anayewaonyesha wageni ng'ombe wake.

Alimkumbuka siku ya bolti ya lori la chumvi. Gesi ilikuwa imekwisha na dereva anafoka. Mzee alimwita muuza barafu za ukwaju, akanunua kumi. Tisa alizishindilia kwenye tundu la bolti, moja baada ya nyingine, mpaka chuma kikatoka jasho. Ya kumi alikula mwenyewe, polepole, dereva akimwangalia. "Moto unaitanua nyumba," alisema huku akilamba kijiti. "Baridi inamkondesha mwenye nyumba. Mimi napenda kumkondesha." Akapiga nyundo mara mbili, bolti ikatoka. Gereji nzima ilinuka ukwaju kwa wiki.

Alitoka chini ya gari akapangusa uso.

"Nini?" Lameki aliuliza.

Angeweza kumdanganya. Lakini walisoma darasa moja la msingi, na Lameki alimjua anavyokunja mdomo akiwa na uongo.

"Ni ya Mzee," alisema. "Ina nukta."

3

Lameki alivua kofia, akaivaa tena.

"Basi ichome," alisema.

"Umesemaje?"

"Chukua gesi uichome, Mama Anyesi. Gari litoke, watu wapelekwe Kigoma. Wewe unafikiri ile bolti itasema nini? Itasema aliifunga vibaya. Watakuja na ngazi wakitoe kile kibao. Mama yule pale nyuma atasikia redioni kwamba mumewe nusura aue mtu na mtoto tumboni."

"Na wewe?"

"Mimi nitalima."

"Wewe? Ulipanda mahindi mwaka juzi ukavuna panya."

"Nitajifunza." Alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkatikia. "Mzee yule alinifundisha kushuka mteremko ule bila breki. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimemkimbiza mtoto wake mwenyewe hospitali. Hakunidai hata soda. Leo nimfukue kaburini aje anitetee?"

Sekunda aliutazama mtungi wa gesi. Mpira wake ulikuwa umezungushwa vizuri, kiberiti kilikuwa juu ya meza. Hakuna ambaye angemuuliza. Zahanati ilikuwa inamlilia amalize. Na mara ngapi alishafanya hivyo? Bolti zilikatika kila mwaka, mbili, tatu. Basi la shule mwaka juzi. Trekta la shirika. Hapakuwa na aliyeumia, kwa hiyo hakuona haja ya kusikiliza. Alizichoma, akazitoa, akailaumu chumvi.

Kilichomzuia hakikuwa wema. Alijijua. Kwanza, kulikuwa na sauti ndani ya ile bolti. Dakika tatu za Mzee Ruhomvya akiongea, akiguna, akipiga ule mluzi wake usio na wimbo. Picha zake walikuwa nazo. Sauti hakuna aliyeitunza. Ni nani hufikiria kutunza sauti ya mtu anayekupigia kelele kila siku? Na pili, alikuwa na mtoto aliyepanda basi la shule kila asubuhi. Kama Mzee alikuwa na kosa mkononi, basi kosa lile lilikuwa limefungwa kwenye nusu ya magari ya Uvinza.

"Nenda zahanati," alimwambia Lameki. "Waombe barafu kavu, ile inayokuja na chanjo. Ndoo nzima."

"Barafu?"

"Namkondesha mwenye nyumba. Nenda."

Simu ilitetema. Anyesi, mtoto wake mkubwa: *Mama tunakula nini?* Sekunda aliandika: *Maharage yapo. Maji yapo. Baba yako yupo.* Akairudisha mfukoni.

4

Kazi ya baridi haina haraka. Kwanza alitafuta katikati ya kipande cha bolti, pale kichwa kilipokatikia, akapigilia alama. Ukikosa katikati unatoboa bomba, na ukishatoboa bomba umeharibu mkono mzima. Kisha akashika drili yenye biti inayozunguka kinyume, mwendo wa chini kabisa, akitia mafuta tone kwa tone. Alihesabu mizunguko kwa sauti. Punje ilikuwa upande wa pili, kwenye meno. Alitakiwa kusimama vidole viwili kabla ya kuifikia. Chuma kilipoanza kupata moto alisimama, akakigusa kwa ncha ya kidole, akangoja.

Lameki alishika taa. Mikono yake ilikuwa tulivu kuliko ya Sekunda.

Walipofika kina alichotaka, walikivika kipande hicho barafu kavu. Moshi mweupe ulitambaa sakafuni. Chuma kilitoa sauti nyembamba, kama kikombe kinachopasuka chumba cha pili. Sekunda aliingiza skrubu ya kung'olea, ile yenye meno yaliyopinda kushoto, akaigonga ikauma.

"Usivute," alijiambia kwa sauti. "Iombe."

Aliiomba. Robo ya robo kushoto. Kidogo kulia, imeze kutu yake. Kushoto tena. Jasho lilimwingia machoni, vidole vikifa ganzi ndani ya glavu. Barafu iliisha, wakaongeza. Mjane wa Mzee alipiga bati, mara mbili. Hakuna aliyemjibu.

Saa kumi alasiri na dakika chache bolti ililia. Mlio mrefu, mkavu, wa kuchukia. Kisha ikazunguka.

"Ee Mungu," Lameki alisema.

Ilitoka ikiwa na nukta yake nyekundu, na Sekunda aliipeleka kwenye mwanga wa mlango. Karibu na palipokatika, shingo ya bolti ilikuwa nyembamba. Si kutu iliyoila. Ilikuwa imevutika, kama donge la unga wa ngano linavyokondeka katikati ukilivuta. Bolti hii ilikuwa imekazwa kupita uwezo wake tangu siku ya kwanza, na miaka ya mashimo ilikuwa imemalizia tu.

"Rudisha ndoo ya watu," alimwambia Lameki. "Waambie asante."

Alitaka kusikiliza peke yake.

5

Kisikilizi kilikuwa kidude cha ukubwa wa kiberiti chenye sumaku upande mmoja. Alikibandika kwenye bolti, akaweka kidole gumba chake, namba yake ya ufundi ikakubaliwa.

Kelele za chuma. Redio kwa mbali, mpira, mtu kakosa penalti. Halafu mluzi.

Sekunda aliketi chini, sakafuni penye mafuta, bila kutandika kitu.

"...na hapo unapaka mpaka mwisho wa meno," sauti ya Mzee ilisema, karibu sana, yenye mikwaruzo. "Usibanie. Hayo mawese sijayaomba kwa mtu." Mlio wa spana, tiki, tiki. Mkono uliokuwa ukivuta ulikuwa mwepesi na wenye pupa. Kisikilizi kiliandika kipimo: mia na kumi. Mia na ishirini.

"Inatosha," Mzee alisema.

"Bado." Sauti ya mwanamke kijana, yenye kujiamini kupita kiasi. "Kitabu kinasema mia na sitini."

"Kitabu kinaongelea bolti kavu. Hii ina mafuta, Diploma, inateleza. Sikiliza mkono wako. Inatosha."

"Mzee, mimi nimefundishwa kipimo. Mkono hauandikwi kwenye ripoti."

Tiki. Mia na arobaini. Tiki. Kisha kitu kidogo sana, ulegevu mdogo ambao ni mkono wa fundi mzee pekee ungeutambua.

"Imelainika. Hukuisikia?"

"Mia na sitini. Tayari."

Redio. Mtu kacheka huko nje.

"Haya," Mzee alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa na hasira. "Wewe ndiye uliyesoma. Lete ile rangi."

"Si nimefunga mimi?"

"Lete. Ikikatika wataniuliza mimi, wewe una watoto."

Mluzi, ukisogea mbali. Mwisho.

Sekunda aliicheza tena. Si kwa ajili ya ushahidi. Aliicheza kwa ajili ya "Usibanie", kwa ajili ya mluzi. Mara ya tatu ndipo alipoanza kuhesabu. Mzee alifunga kwa mawese na mkono, na bolti zake zilidumu. Kitabu kilifunga kwa kipimo na meno makavu, na huko kwenye miji isiyo na chumvi bolti zake zilidumu. Yeye alichukua mawese ya mmoja na kipimo cha mwingine, akaviweka pamoja, akajiona fundi kuliko wote wawili. Miaka kumi na moja. Basi la shule, trekta, malori, magari mawili ya polisi, gari la padri. Kila bolti aliyoikaza kwa uangalifu wake wote ilikuwa imevutika kidogo, na zile zilizojaribu kumwambia alizichoma mdomo.

Mtungi wa gesi ulikuwa hatua tano. Aliutazama, hilo asingelikataa baadaye. Nukta nyekundu ilikuwa pale. Mzee mwenyewe alishakubali kuulizwa. Dunia nzima ingeamini.

Lameki aliingia, mikono ikinuka sabuni ya zahanati.

"Umesikia nini?"

"Kaa," Sekunda alisema. "Usiseme kitu mpaka iishe."

Akaicheza. Lameki alipomsikia Mzee alifumba macho, akatabasamu. Lilipokuja neno la mia na sitini, tabasamu liliondoka. Ilipoisha alibaki ameinamisha kichwa.

"Mama Anyesi," alisema, "hiyo naweza kusema sijaisikia."

"Umeisikia. Jumatatu nakuja na wewe. Nitaicheza mimi mwenyewe, kwa kidole changu."

"Watakunyang'anya namba."

"Watanyang'anya. Mpaka Jumatatu bado ninayo." Alisimama, akajipangusa makalio. "Kwa hiyo hatuna muda wa kukaa tukilia kama bibi harusi. Mpigie dereva wa basi la shule. Mwambie Jumamosi asubuhi alilete hapa, na asilipakie hata kuku. Halafu malori. Orodha nitaiandika, bolti nazikumbuka zote."

"Utafungua bolti zote?"

"Moja moja."

6

Ijumaa saa nne bolti mpya ilikuwa tayari: imetoka kwenye karatasi yake, nyeupe, haijui lolote. Mjane wa Mzee alikuwa amekuja na chai mwenyewe, kwa kuwa bati halikujibiwa. Sekunda alimwambia yote akiwa amesimama, bila kupamba. Yule bibi alisikiliza, kisha akauliza jambo moja tu: kama kweli mluzi ulikuwemo. Aliwekewa, akasikiliza. Aliomba tena. Aliondoka akaacha chupa ya rangi ya kucha mezani.

Sekunda alishusha kopo la mawese. Alipaka meno ya bolti mpaka mwisho, hakubania. Aliiweka spana ya kipimo kando, akachukua ile ndefu ya Mzee, yenye mpini uliochakaa kwa umbo la kiganja ambacho si chake.

Aliivuta. Alipohisi bolti imeanza kukaa, alijua punje imeamka na inasikia. Lameki alikuwa ameshika gurudumu. Nje muuguzi mkuu alikuwa ameshafika, anapiga honi ya pikipiki.

"Naitwa Sekunda," aliiambia bolti, kwa sauti ya kawaida, kama anayeacha ujumbe kwa jirani. "Hii nimeipaka mawese na nimeifunga kwa mkono. Wewe utakayeifungua, usitumie moto. Tafuta barafu. Kabla yake ilikuwepo nyingine niliyoikata mimi. Mzee Ruhomvya aliniambia inatosha."

Alivuta tena, polepole, akisikiliza kwa kiganja. Chuma kilijibu. Palikuwa na nafasi ya mvuto mmoja zaidi, alihisi mabega yake yakiutaka.

"Inatosha," alisema, akaachia.

Kisha akafungua chupa, akaweka nukta yake pembeni, na kumwambia Lameki alete gurudumu.